Ukuta Haujengwi na Mtu Mmoja

Masomo ya kusoma nyumbani: Nehemia sura ya 2 hadi ya 7, Kutoka 18, Matendo ya Mitume 6



Juma hili tunataka kuongea juu ya jambo linalosumbua makanisa yetu mengi, kuanzia Kavimvira mpaka Makobola: miradi inayoanza kwa shangwe na kufia njiani. Kila mmoja wetu anaweza kuonyesha kwa kidole msingi wa shule uliofunikwa na majani, bomba lisilotoa hata tone, mashine ya kusaga mihogo iliyofungwa kwa kufuli. Tukiuliza sababu, jibu la kwanza ni pesa. Ni kweli, pesa ni kidogo. Lakini tukichunguza vizuri tunakuta mara nyingi pesa haikuwa ya kwanza kukosekana. Kilichokosekana kwanza ni watu wanaofanya kazi pamoja: timu, ama ekipe kama tunavyosema hapa Uvira. Mradi ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja, daftari katika begi lake, ufunguo mfukoni mwake. Alipohama, au alipougua, au alipokosana na wengine, mradi uliondoka naye.

Wavuvi wetu wa ndakala hawakusoma vitabu vya uongozi, lakini somo hili wanalijua kuliko sisi tunaohubiri. Tazameni ile mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, inayotoka jioni giza likianza kuingia. Kuna anayeangalia taa, kwa maana bila mwanga ndakala hazikusanyiki. Kuna wa kuongoza chombo. Wavu unateremshwa chini, wanangoja kimya, na saa ikifika wanavuta kamba wote kwa pamoja. Hapo ndipo ekipe inajulikana. Upande mmoja ukivutwa haraka kuliko mwingine, wavu unalala na samaki wanarudi majini. Mwenye nguvu anayevuta peke yake anaharibu kazi sawa na mvivu asiyevuta. Katika kanisa tunamkemea mvivu, lakini yule mwenye bidii asiyengoja wenzake hatumkemei. Tunampa sifa na kiti cha mbele.

Bwana wetu aliita watu wa ziwa wanne wa kwanza, na hawakuwa watu waliozoea kufanya kazi peke yao. Luka 5 inatueleza kwamba Yakobo na Yohana walikuwa washirika wa Simoni katika uvuvi, na nyavu zilipoanza kukatika kwa wingi wa samaki, waliwapungia mkono wenzao wa chombo cha pili. Petro angekuwa mtu wa kuona haya kuomba msaada, ile baraka ingemzamisha.

Musa naye alihitaji kuambiwa. Katika Kutoka 18 alikuwa akikaa kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, na aliyemwonya ni mkwewe Yethro, mtu wa Midiani, mgeni. Alimwonyesha kwamba atachoka yeye na watu pia watachoka. Kisha akamwambia achague watu wa kusimamia maelfu, mamia, hamsini na makumi. Someni vizuri sifa alizotaja katika mstari wa 21. Uwezo wa kazi ndio wa kwanza, halafu kumcha Mungu, ukweli, na kuchukia rushwa. Sisi mara nyingi tunachukua ile ya pili peke yake. Ndugu anaomba vizuri, basi tunamweka kuwa mtunza hazina, hata kama hajui kutoa hesabu ya pesa iliyoingia na iliyotoka. Tunamtendea vibaya ndugu huyo. Siku hesabu zitakapokataa kulingana, ataitwa mwizi, na pengine hakuiba hata franga moja.

Lakini mwalimu mkubwa wa jambo hili ni Nehemia, na tunawaomba msome sura ya 3 bila kuiruka. Wengi wanairuka kwa sababu ni orodha ya majina. Orodha hiyo ndiyo siri ya ule ukuta. Ndani yake yuko Eliashibu, kuhani mkuu, aliyeanza na lango la Kondoo pamoja na makuhani wenzake. Mkubwa wa dini alishika mawe kwa mikono yake. Wako wafua dhahabu na watengenezaji wa manukato, watu ambao kazi yao ya kila siku haikuwa na uhusiano wowote na udongo. Yuko Shalumu, mkuu wa nusu ya wilaya ya Yerusalemu, aliyejenga pamoja na binti zake. Mama zetu na dada zetu wanaobeba mchanga na maji kwenye kila jengo la kanisa, halafu majina yao hayasomwi siku ya kufungua, wauangalie mstari wa 12.

Tena wengi walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Nehemia alikuwa na akili. Mtu anayejenga mbele ya mlango wake hatatia mawe mabovu, kwa maana adui akipita hapo ataanza na watoto wake. Siku tukipanga kazi za mradi wa maji, tukumbuke: kamati ya bomba la Kasenga iwe na watu wanaochota maji Kasenga.

Orodha haifichi aibu pia. Wakubwa wa Tekoa walikataa kuinamisha shingo zao kwa kazi hiyo. Imeandikwa, na inasomwa mpaka leo. Nehemia hakusimamisha kazi ili kuwabembeleza. Na ukiendelea hadi mstari wa 27, utawakuta watu wa kawaida wa Tekoa wakijenga sehemu ya pili, baada ya kumaliza ile ya kwanza. Katika kila mradi tutakuwa na wakubwa wa Tekoa. Tusiwapigie magoti miezi sita huku mvua inakaribia.

Vita vilikuwapo, kama tunavyovijua sisi. Sura ya 4 inasema nusu ya vijana walifanya kazi na nusu walishika mikuki, na mpiga tarumbeta alikaa karibu na Nehemia, maana wajenzi walikuwa wametawanyika mbali mbali juu ya ukuta. Ekipe iliyotawanyika inahitaji tarumbeta, yaani njia moja ya habari ambayo wote wanaijua na wote wanaiamini. Bila hiyo, uvumi unakuwa tarumbeta.

Halafu inakuja sura ya 5, ambayo tunaona ndiyo ya kusomwa zaidi na wenye miradi. Ugomvi mkubwa haukutoka kwa Sanbalati, ulitoka ndani. Maskini walilalamika kwamba ndugu zao matajiri wanawatoza riba, wanachukua mashamba yao, hata watoto wao wanakuwa watumwa. Nehemia alikasirika, akafikiri kwanza moyoni, kisha akaitisha mkutano na kulisema mbele ya wote. Na yeye mwenyewe hakuchukua posho ya liwali kwa miaka 12. Kwa hiyo alikuwa na mdomo wa kusema. Ukuta ulimalizika kwa siku 52. Kama angelifunika lile deni kwa kusema tusameheane tu, tuendelee na kazi, hatudhani ungemalizika.

Sasa tutaje jambo linalotuuma zaidi hapa kwetu. Tunapochagua ekipe, jicho linatafuta kwanza mtu wa ukoo wetu, wa lugha yetu. Tunajua sababu; tumeumizana sana katika eneo hili, na hofu si uongo. Lakini Matendo 6 inatuonyesha mitume katika shida hiyohiyo. Wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika kugawa chakula kila siku. Kanisa lilichagua watu saba. Yaangalieni majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani, na wa mwisho alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Waliolalamika walikabidhiwa meza yenyewe, na malalamiko yale hayasikiki tena katika kitabu kile. Antiokia nayo, katika sura ya 13, ilikuwa na viongozi kutoka Kirene na Kipro, na mmoja aliyelelewa pamoja na Herode. Ndiko walikotumwa Barnaba na Sauli. Kamati ya ukoo mmoja inaelewana haraka, ni kweli, lakini siku pesa ikipotea hakuna hata mmoja ndani yake atakayeweza kusema.

Mfano mwingine ni wa hapa mjini. Kila mtu wa Uvira anajua kipindupindu, na kila mtu anajua maana ya bomba kukauka: mama anashuka ziwani au mtoni na kibidoni chake. Kwa miaka mingi, kituo cha kutibu kipindupindu kilikuwa na daftari lake la wagonjwa wanaoingia. REGIDESO nayo ilikuwa na daftari lake la maji yanayotoka kwenye mtambo kila siku. Madaftari mawili, mji mmoja, na hayakuwa yamekaa meza moja. Ndipo watu wa afya, watu wa maji na watafiti wa chuo cha London cha usafi na magonjwa ya nchi za joto walipoyaweka pamoja, hesabu za kuanzia 2009 hadi 2014. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: baada ya siku isiyo na maji ya bomba, katika siku 12 zilizofuata wagonjwa waliongezeka zaidi ya mara mbili. Daktari peke yake asingeliona hilo, anaona mgonjwa tu. Fundi wa maji anaona pampu tu. Na usiku ule wa Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika ikabomoa nyumba kwa maelfu, ikaua ndugu zetu na kuharibu mtambo wa maji, tuliona tena jinsi uhai wa mji unavyoshikwa na mikono mingi kwa wakati mmoja: anayesafisha maji, anayeleta umeme, anayeziba bomba, anayetia dawa kwenye kidumu pale mtoni.

Na watu wa kwetu wa Kipentekoste wana historia yao. Wamisionari kutoka Uswidi walifika nchi hii mwaka 1921. Majina yao tunayajua kidogo. Majina ya waliobeba mizigo kupanda milima, waliowafundisha lugha, waliosimama kutafsiri mahubiri, hatuyajui, na hiyo si haki. Kazi ile ilizaa hospitali ya Lemera, pale juu ya bonde la Ruzizi, ambako Daktari Denis Mukwege alianza kazi mwaka 1983. Yeye ni mtoto wa mchungaji. Amesimulia mara nyingi kwamba akiwa mdogo aliongozana na baba yake kuombea wagonjwa, akamuuliza kwa nini hatoi dawa. Baba akajibu kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua: baba ataomba, mimi nitatoa dawa. Hiyo ni ekipe ya watu wawili, kila mmoja akijua kipawa chake na mpaka wake.

Tarehe 6 Oktoba 1996 Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wahudumu wakauawa vitandani na kazini. Mwaka 1999 hospitali ya Panzi ikaanza Bukavu, chini ya CEPAC. Dunia ilimpa Mukwege tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, na tulicheza kwa furaha. Lakini wapasuaji wa Panzi waliona mapema kwamba kisu hakitoshi. Mwanamke aliyebakwa anashonwa, anapona mwili, lakini bado analia usiku. Basi akahitajika mwenye kumsikiliza. Kijiji kinamkataa; akahitajika wa kumfundisha kazi ya mikono ili ajitegemee. Aliyemtendea uovu anatembea huru, akahitajika mwanasheria. Ndiyo sababu Panzi kuna nguzo nne: tiba, roho na akili, kujitegemea, na sheria. Mgonjwa mmoja, mikono minne.

Kwa kanisa linalotaka kuanza mradi mwezi huu, tunashauri machache. Kabla ya kununua simenti, andikeni kazi zilizopo, ndipo mtafute watu. Msianze na watu halafu mkawatafutia vyeo. Pesa ishikwe na mmoja, iandikwe na mwingine, na hesabu isomwe mbele ya kanisa hata kama ni ya magunia matatu ya simenti na manjanja kumi. Fundi asiye wa kanisa letu lakini anajua kupiga paa ni afadhali kuliko mzee wa kanisa anayejifunzia juu ya jengo la Bwana. Watu watano wanaofika kwenye mkutano ni bora kuliko kamati ya ishirini. Na Nehemia alizunguka ukuta usiku na watu wachache kabla ya kutangaza lolote. Fanyeni hivyo, mhesabu mawe yaliyopo kwanza.

Kisha someni sura ya 7. Ukuta umekwisha, milango imesimamishwa, na Nehemia anawakabidhi mji Hanani ndugu yake na Hanania, mkuu wa ngome. Sababu ya kumchagua Hanania imeandikwa pale: alikuwa mwaminifu, tena alimcha Mungu kuliko wengi. Akawaachia na maagizo mafupi: malango yasifunguliwe mpaka jua liwe kali, na walinzi wapangwe kila mtu kwa zamu yake, mbele ya nyumba yake. Kila kamati inayosoma karatasi hii ikae Jumapili hii baada ya ibada, iandike majina mawili ya watakaoshika ufunguo na daftari siku mwenyekiti atakapokuwa hayupo.