Je, Wajua? Ndugu wa Mawe ya Mazeras

Je, wajua kwamba mawe bapa ya Mazeras, pwani ya Kenya, yale ambayo mafundi wa Malindi na Watamu huyapanga barazani na kwenye vijia vya hoteli, ni mchanga wa mito na delta ulioshikamana takriban miaka milioni 200 iliyopita? Angalia ukingo wa kipande kilichokatwa. Utaona tabaka juu ya tabaka, umanjano hapa, kutu ya chuma pale, na ukikisugua punje hukubakia kidoleni.

Je, wajua kwamba ndani ya mawe hayo hupatikana magogo ya miti yaliyogeuka jiwe? Kule Maji ya Chumvi, ukishapita Mariakani kuelekea Nairobi, wamepatikana hata samaki.

Je, wajua kwamba mawe hayo, kuanzia Taru hadi Mazeras, ni ya ukoo mkubwa wa Karoo unaofika Afrika Kusini? Ukoo huo ndio uliobeba urani ya Kayelekera, kaskazini mwa Malawi, kilomita 50 hivi magharibi ya Karonga. Naam, Karonga ile ile ya Mlozi, mfanyabiashara Mswahili aliyepigana na Waingereza hadi wakamnyonga mwaka 1895.

Je, wajua kwamba urani husafiri? Ikikuta maji yenye oksijeni huyeyuka na kupenya nayo katikati ya punje za mchanga, miaka nenda miaka rudi, mpaka ikumbane na mahali palipokosa oksijeni: gogo lililooza, makaa ya mawe, madini ya salfa na chuma. Hapo haiyeyuki tena, hunasa. Kayelekera ina makaa ya mawe na udongo mgumu katikati ya mchanga wake, na mtego huo ndio uliofanya kazi. Kwa hiyo ukoo peke yake hautoshi. Lazima pawe na miamba ya kutoa urani, maji ya kuibeba na kitu cha kuinasa. Akija mtu kukuuzia shamba Kaloleni, jirani ya Mazeras, kwa bei ya urani, muulize kwanza mtego uko wapi.

Je, wajua kwamba Kayelekera ilichunguzwa miaka ya 1980 na shirika la umeme la Uingereza, kisha ikaachwa kwa sababu bei ilikuwa duni?

Je, wajua kwamba tani nzima ya mawe ya Kayelekera ilitoa takriban kilo moja tu ya urani? Mgodi ulikuwa wa shimo la wazi. Mawe yalisagwa, yakalowekwa kwenye asidi, urani ikavuliwa kwa punje za resini, ikakaushwa na kutiwa mapipani. Mapipa hayo hayakupitia Mombasa wala Dar es Salaam. Yalivuka Zambia kwa barabara hadi bandari ya Walvis Bay, Namibia, upande wa pili kabisa wa bara.

Je, wajua kwamba Rais Bingu wa Mutharika aliufungua mgodi huo Aprili 2009, na kufikia 2014 ulikuwa umesimama? Urani haikuisha; bei ndiyo iliyoanguka. Mwaka 2007 ratili moja ya urani ilipita dola 130. Ikaja ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, Machi 2011, na kufikia katikati ya 2014 bei ilikuwa chini ya dola 30. Kampuni ya Paladin ya Australia ikaufunga mgodi wake, baada ya kutoa karibu ratili milioni 11.

Je, wajua kwamba mgodi uliofungwa bado hula pesa? Mvua iliendelea kujaza mabwawa ya Kayelekera, na ilibidi maji yasafishwe kabla ya kumwagwa mto Sere, ambao maji yake huishia Ziwa Nyasa. Wakazi hawakufurahia. Watu wa Uyombo, Kilifi, walioandamana 2024 kupinga mpango wa kinu cha nyuklia karibu na hori ya Mida, wangewaelewa mara moja.

Je, wajua kwamba mwaka 2012 UNESCO ilikubali mpaka wa hifadhi ya Selous, Tanzania, usogezwe kwa ajili ya urani ya mto Mkuju, wilayani Namtumbo, nayo ikiwa ndani ya mawe ya Karoo? Mtambo wa majaribio wa Mkuju ulizinduliwa na Rais Samia Julai 2025. Mwezi uliofuata, Kayelekera, ikiwa mikononi mwa Lotus Resources, nayo pia ya Australia, ilianza tena kutoa urani. Ratili ilikuwa imepita dola 70.