Mbwa Mzima, Mkojo Wake Je?

Huku Berega na vijiji vyote vya Ukaguru, mbwa hafugwi kwa urembo. Ndiye mlinzi wa usiku, ndiye afukuzaye nyani na nguruwe pori shambani, ndiye afuatanaye na watoto wakienda kuchunga mbuzi. Hunywa maji ya dimbwi, hula panya akimkamata, kisha hukojoa popote apendapo: kando ya mtungi, njia ya kisimani, chini ya mwembe wanapocheza watoto. Hilo la mkojo ndilo tunalotaka kulizungumza, wala msomaji asione haya.

Kichaa cha mbwa kila mtu anakiogopa, na ni haki yake. Lakini upo ugonjwa mwingine usiobweka wala kuuma. Wataalamu huuita leptospirosi. Watanzania wengi waliujua mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda. Mwezi wa Julai mwaka huo watu 20 wa wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, waliugua homa, kichwa, uchovu na kutoka damu puani, na 3 kati yao wakafa. Walipimwa Ebola, Marburg na korona, hawakukutwa nazo. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ni mgunda. Hatusemi kwamba mbwa ndio walioleta msiba ule. Mnyama yeyote mwenye vijidudu hivi aweza kuvimwaga.

Vijidudu vyenyewe vyaitwa leptospira, vyembamba, vimejisokota kama uzi. Hukaa ndani ya figo za mnyama na kutoka na mkojo. Juani pakavu hufa upesi, lakini katika tope na maji yaliyotuama huweza kuishi majuma kadhaa. Mtu akipita pekupeku na kidonda mguuni, au akinawa uso kwa maji hayo, vimekwisha kuingia. Homa huanza kwa kawaida baada ya siku 5 hadi 14, na nani tena atakumbuka dimbwi la juma lililopita?

Je, ni mbwa wangapi wanao ugonjwa huu? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro mjini, wamepima kwa miaka mingi damu za wanyama wa mkoa huu: mbwa, paka, ng'ombe, mbuzi, nguruwe na panya. Mbwa wenye alama za leptospira katika damu si wa kutafuta kwa tochi. Aina moja ya vijidudu hivi ilipatikana kwa ng'ombe wa Morogoro ikapewa jina la Sokoine. Nyingine, iitwayo Kenya, imekutwa kwa panya buku.

Lakini alama katika damu ni kama majivu jikoni: yaonyesha moto uliwaka, hayaonyeshi kama unawaka bado. Mbwa aweza kuwa amepona zamani, na alama zimebaki. Mwingine alama zake ni hafifu, kumbe figo zimejaa vijidudu, naye anakimbia na kutikisa mkia kama kawaida. Kwa hiyo mwenye mbwa asijipe moyo kwa kutazama manyoya na mbavu tu.

Hatari kubwa yatupata tukidhani kila homa ni malaria. Huko Moshi, kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa kwa makini. Madaktari walikuwa wamewaandikia malaria 528. Waliokuwa na homa ya malaria kweli ni 14 tu! Leptospirosi ilikuwa karibu 9 katika kila 100 ya wale waliopimwa ugonjwa huo. Na kwetu Kilosa, mwaka 2013, watoto wenye homa wa umri wa miaka 2 hadi 13 walipimwa. Leptospirosi ilikutwa humo humo, pamoja na malaria na homa nyingine.

Basi, mama, ukimpeleka mtoto hospitalini Berega au zahanati yoyote, na kipimo cha malaria kikasema hakuna, usinyamaze. Mweleze daktari kwamba nyumbani kuna mbwa, kwamba panya ni wengi ghalani, kwamba mtoto alicheza kwenye maji. Macho yakiwa ya manjano au mkojo umepungua, usingoje kesho. Dawa za kuua bakteria zipo nazo husaidia sana zikianzwa mapema. Kuchelewa huharibu ini na figo.

Nyumbani kazi si ngumu. Mtungi ufunikwe, maji ya kunywa yachemshwe, chakula cha mbwa kisiachwe usiku kuwaita panya. Anayefagia alipokojoa mbwa avae viatu, na mikono inawiwe kwa sabuni. Baada ya mvua kubwa watoto wakatazwe madimbwi. Waliokuwako Kilosa wakati wa mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 wanajua maji hayo hubeba nini.

Na bwana mifugo akija kuchanja mbwa, mwulize anachanja ugonjwa gani. Mara nyingi ni kichaa peke yake, na sindano ile haizuii mgunda hata kidogo. Chanjo ya leptospira kwa mbwa ni nyingine, na hurudiwa kila mwaka.