Mtandao ukigoma, anayeulizwa ni wakala

Mchimbaji aliyeshuka jioni hiyo kwenye gari la kutoka machimbo ya Mwakitolyo alikuwa bado na gambuti mguuni. Aliegemea dirisha la kibanda cha wakala pale Ngokolo Mitumbani, Shinyanga mjini, akapiga menyu, akaingiza namba ya wakala, kiasi, namba ya siri. Laki tatu. Simu yake ikalia: salio limepungua. Simu ya wakala ikabaki kimya.

"Mayu, nipe hela yangu, nimeshakatwa."

"Kwangu bado haijaingia, baba. Vuta subira, mtandao unasumbua."

"Mtandao gani? Mbona kwangu uko sawa?"

Nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Dakika kumi zilipopita, mtu aliyekuwa nyuma yangu akalitamka neno ambalo wote tulijua linakuja: "Hawa mawakala wezi."

Dada yule hakuwa na pa kushika. Akitoa taslimu kabla meseji haijaingia, kisha mfumo ukamrudishia mteja muamala wake, laki tatu zimekwenda, na atahudumia mamia ya watu ndipo kamisheni iizibe hasara hiyo. Asipotoa, ni mwizi. Mteja naye ana haki yake, maana kweli amekatwa. Mwenye mfumo, ambaye ndiye pekee anayeweza kuona muamala umekwama wapi, hayupo kibandani. Yuko upande wa pili wa namba ya huduma kwa wateja, na muziki wa kusubiri unalia.

Ukitaka kujua biashara ya ukanda huu inavyokwenda, kutoka Shinyanga mjini hadi Kahama, Kakola, Katoro na Geita, kaa na mawakala. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, wengi waliiona kama njia ya kumtumia mama hela ya chumvi kijijini. Leo akaunti za fedha za simu nchini zimezidi milioni 50. Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, hutuma hela ya dizeli kwa simu, mwenye karasha la kusaga mawe hulipwa kwa simu, mama lishe wa machimboni hukusanya madeni yake kwa simu. Benki iko mjini, kibanda kiko mlangoni. Na kwa kuwa kila shilingi inapita hapo, kila hitilafu nayo inapita hapo.

Sasa tazama kibanda chenyewe kwa ndani. Simu tatu, laini za mitandao yote mikubwa, pawabenki mbili, paneli ndogo ya sola juu ya bati, na daftari la miamala lenye safu za jina, kiasi, namba ya muamala na saini. Mtandao mmoja ukizimika, wakala anahamia mwingine. Umeme ukikatika, sola inachukua zamu. Simu ikipoteza kumbukumbu, daftari linakumbuka. Wahandisi wa kompyuta wanauita mpangilio wa namna hii ustahimilivu wa hitilafu: kifaa kimoja kikifa, kazi isife. Kampuni kubwa hujenga hivyo kwa seva mbilimbili na majenereta, na gharama huingia kwenye vitabu vyake. Hapa Ngokolo gharama hiyo inatoka mfukoni mwa dada mmoja. Mwenye mtaji wa milioni mbili akiugawa kwenye laini nne ana laki tano tano. Mteja akija kuweka laki saba kwenye laini moja, anamkosa, ingawa fedha yote ipo, imelala kwenye laini nyingine. Floti hiyo iliyolala ndiyo bima ya mtandao usioaminika, na hakuna anayemrudishia malipo ya bima hiyo.

Mgodi mkubwa hauishi hivyo. Geita Gold Mine, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, kwa miaka mingi ulijizalishia umeme wake kwa dizeli, kwa sababu hesabu ya kusimama ilikuwa mbaya kuliko hesabu ya mafuta. Kwa mchimbaji mdogo wa Mwakitolyo, pampu ni moja na jenereta ni moja. Jenereta likizima usiku, maji yanajaa duarani, na asubuhi swali la kwanza huwa: nani alikuwa zamu? Ni nadra kuuliza kwa nini duara lenye watu chini linategemea jenereta moja. Fundi anafukuzwa, jenereta linabaki lile lile.

Na kwa nini meseji isirudi? Hapa Usukumani jambo hili halihitaji mhandisi. Umemtuma mchungaji na ng'ombe kumi wa mahari kwenda ukweni. Siku zimepita, hajarudi. Ng'ombe wamefika na kijana ndiye aliyechelewa kwenye pombe, au wamepotelea njiani? Hujui. Ukituma wengine kumi, huenda umetoa mahari mara mbili. Ukinyamaza, huenda binti akaolewa kwingine. Kompyuta nazo hukwama papo hapo: ujumbe umekwenda, jibu halijarudi, na anayengoja hawezi kujua kilichopotea ni ujumbe au ni jibu. Mtandao wa simu, unaokatika katikati ya menyu, hulizalisha fumbo hili kutwa nzima.

Dawa yake inajulikana, na ni ya zamani kama kupiga ng'ombe chapa. Kila muamala uwe na namba yake, ili hata ukitumwa mara tatu uhesabiwe mara moja, na kila upande uweze kuuliza wakati wowote: namba hii imeishia wapi? Namba zipo, zinaonekana kwenye kila meseji. Shida inaanza pale meseji yenyewe isipokuja. Wakala anaweza kuangalia salio lake, lakini salio ambalo halijaongezeka halimwambii kama muamala umekufa au uko njiani. Fedha zikivuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine mambo huzidi kuchanganya. Mimi mwenyewe nimewahi kutuma ada ya mtoto ikakaa siku tatu hewani. Kampuni iliyotuma ilinielekeza kwa iliyopokea, iliyopokea ikanirudisha kwa iliyotuma. Shule, ambayo haikuwa na kosa lolote, ndiyo niliyoigombeza.

Hitilafu kubwa zina bahati moja: zinaonekana na kila mtu. Aprili 1, 2024, Jumatatu ya Pasaka, gridi ya Taifa ilipata hitilafu usiku na nchi ikaamkia gizani. Mei 12 mwaka huo huo kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokosa intaneti vibaya zaidi. Nape Nnauye, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, alieleza kwamba tatizo liko kwenye kebo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Siku kama hizo hakuna wakala anayeitwa mwizi, kwa sababu jirani naye hana mtandao. Hitilafu inayomponza wakala ni ile ndogo, ya mtu mmoja na muamala mmoja, ambayo haitangazwi popote.

Majirani zetu Kenya wametupa somo la pili, la namna lawama inavyotafuta mahali pa kutua. Juni 7, 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme wa maji cha Gitaru, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mashine nyingine zikaelemewa nazo zikazima, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. KenGen, yenye kituo hicho, ilitoa taarifa pamoja na picha ya tumbili, ambaye alipona na kukabidhiwa kwa Shirika la Wanyamapori. Dunia ilicheka. Tumbili ni mshtakiwa mzuri kupita wote: hajibu, hakati rufaa, hana chama cha wafanyakazi. Lakini swali la biashara lilikuwa jingine kabisa: gridi gani inaangushwa na transfoma moja?

Agosti 25, 2023, Kenya ikaingia gizani tena. Safari hii Kenya Power ilianza kwa kuutaja mtambo wa upepo wa Turkana, nao wenye mtambo wakajibu kwamba wao walisukumwa nje na hitilafu iliyokuwa tayari kwenye gridi. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa na majenereta ya akiba, ila sehemu ya abiria ikabaki gizani. Mkurugenzi wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa kazini mara moja. Huenda alistahili, sibishi. Ila kumfukuza mtu ni rahisi kuliko kupima jenereta kila wiki, na kunaonekana vizuri zaidi kwenye taarifa ya habari.

Kwa wakala wa Ngokolo, hata hivyo, kisa kinachomhusu kuliko vyote kilitokea Uingereza. Shirika la posta la huko lilifunga kwenye ofisi zake ndogo mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Ofisi hizo ziliendeshwa na watu kama mawakala wetu: mwenye duka la mtaa anayehudumia posta kwa mkataba. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Mawakala walipopiga simu kulalamika, wengi waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai au hesabu za uongo. Wengine walifungwa, wengine waliuza nyumba kufidia upungufu wa hewa. Wakala mwingine, Alan Bates, ambaye hakuwa miongoni mwa waliotiwa hatiani, aliongoza kesi ya mawakala 555, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikakubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu huo. Mwaka 2024 Bunge la huko likatunga sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo.

Kilichowaangusha kilikuwa zaidi ya kompyuta mbovu. Sheria ya Uingereza ilianza kwa kudhani kwamba kompyuta iko sawa hadi mshtakiwa aonyeshe vinginevyo, na mshtakiwa hakuwa na ufunguo wa kuifungua aone ndani. Kwetu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaanzia mahali pazuri kidogo: kumbukumbu za mfumo hupewa dhana ya ukweli pale palipo na ushahidi kwamba mfumo ulikuwa ukifanya kazi sawasawa. Neno ushahidi limo. Tatizo ni kwamba mgogoro wa laki tatu Mitumbani hauendi mahakamani. Unaishia kibandani, au kwa mwenyekiti wa mtaa, na huko anayeaminiwa ni anayepiga kelele zaidi.

Nitofautishe na dhahabu yenyewe. Tangu mwaka 2019, lilipofunguliwa soko la dhahabu Geita na mengine yakafuata, mchimbaji anaweza kusimama mbele ya mizani, mnunuzi akiwapo na ofisa wa serikali akiwapo, wote wakasoma namba moja. Mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Zamani mchimbaji na mnunuzi waliitana wezi juu ya mizani ya mfukoni. Sio kwamba siku hizi hawagombani, ila sasa kuna kitu cha tatu cha kuelekezea kidole. Muamala wa simu hauna stika. Benki Kuu imekuwa na kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha tangu mwaka 2019, na ni jambo jema, lakini wakala hapo yuko katikati: kwa mteja yeye ndiye kampuni, kwa kampuni yeye ni mfanyabiashara anayejitegemea. Faida ikija wanagawana. Hasara ya hitilafu humwangukia aliye karibu na mteja.

Yule mchimbaji alisubiri dakika arobaini. Meseji ikaingia, laki tatu zikahesabiwa mara mbili mbele yake, akasaini. Hakuomba radhi, na wala dada hakuidai. Alipoondoka niliona kitu kwenye daftari ambacho hakimo kwenye madaftari mengine niliyowahi kuyaona: safu ya ziada, imepigwa kwa rula, yenye kichwa "Mtandao". Ndani yake alikuwa anaandika saa ulipogoma na saa uliporudi. Nikamwuliza ya nini. "Akija mtu kunidai, namwonyesha. Wiki hii tu ni mara sita."

Safu hiyo ndiyo Benki Kuu na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, wanayopaswa kuzidai kampuni za simu, kila wilaya, kila mwezi, hadharani: mfumo ulizima saa ngapi, miamala mingapi ilining'inia, mingapi ilirudishwa na kwa muda gani. Pamoja nayo, wakala apewe njia ya kuuliza muamala mmoja mmoja na kujibiwa hapo hapo, na asikatwe floti yake kabla ya kuonyeshwa kumbukumbu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji teknolojia mpya. TANESCO, kwa matusi yote inayoyapokea, hutangaza mapema maeneo na saa za kuzima umeme kwa ajili ya matengenezo. Kampuni za fedha zianzie hapo.