Mitungi ya wapiga mbizi iliyofika Malili: Je, bado ina kazi?

Ukishuka Malili kutoka Nairobi, kilomita 60 hivi kwenye barabara ya Mombasa, utaona kila kitu isipokuwa bahari. Malori, mahindi ya kuchoma, vumbi, na kando ya barabara zile ekari 5,000 zilizotoka kwenye Ranchi ya Malili ili jiji la Konza lijengwe. Ndiyo maana nilicheka nilipokuta mitungi miwili ya kupigia mbizi imeegemezwa kwenye kibanda cha pancha cha binamu yangu.

"Ni ya wale watu wa kuogelea chini ya maji," aliniambia. Aliinunua kwa utingo wa lori lililotoka Mombasa, kwa bei ya chuma chakavu. Na tayari alikuwa na mipango mitatu. Kwanza, aiuze kwa wapiga mbizi wa Diani kwa bei poa. Ikikataa, atoboe mmoja, achomelee paipu, uwe tangi la kompresa yake, kwa sababu lililopo limeoza. Mpango wa tatu ulikuwa wa jirani yake anayechomelea mageti: yeye alitaka kuujaza oksijeni.

"Hii kitu ni ngumu, mdogo wangu. Imezoea presha kubwa kuliko tairi zote zinazopita hapa."

Hapo hakukosea. Tairi la lori hujazwa hadi kama baa nane. Mtungi wa kupigia mbizi hujazwa hadi baa 200, na mingine zaidi. Baa 200 ni kama kilo 200 kwenye kila sentimita moja ya mraba. Angalia ukucha wako wa kidole gumba, halafu fikiria mifuko minne ya simiti imesimama juu yake. Sasa hesabu kucha zote zinazoweza kuenea ndani ya mtungi huo. Fizikia niliyoikimbia chuoni ilinifuata hadi Malili.

Shida ni kwamba "ulizoea" si sawa na "bado unaweza". Kwa hiyo nilimpigia rafiki yangu wa Pwani anayefanya kazi ya kupiga mbizi, nikaweka simu spika, naye akatuongoza. Swali lake la kwanza: ni chuma au alumini? Tulitoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, ikanata pap. Chuma.

"Basi soma shingo."

Kumbe mtungi una kitambulisho. Pale begani, chini kidogo ya valvu, kuna herufi na nambari zilizogongwa kwenye chuma chenyewe. Tulisugua kwa brashi ya waya, polepole, tukapata nambari ya mtungi, ujazo wa lita 12, presha ya kazi 200, presha ya kupimia 300, uzito, na tarehe za vipimo. Mtungi wa kwanza ulitengenezwa 1974. Tarehe ya mwisho kugongwa kwenye yote miwili ilikuwa ya 1991. Nchini Uingereza na Marekani, mtungi kama huu hupimwa kwa presha ya maji kila miaka mitano. Yaani hii ilikuwa imekwepa mitihani kabla mimi sijazaliwa.

Umri peke yake hauui mtungi, na hapo ndipo nilishangaa. Chuma kilichotunzwa vizuri hudumu miongo mingi, na huko ng'ambo kuna watu wanapiga mbizi na mitungi iliyowazidi miaka. Kinachoua ni kutu, na kutu mbaya iko ndani, mahali usipoona. Maji ya chumvi kidogo tu yakiingia na mtungi ukalala miaka, yatachimba vishimo kwenye ukuta wa chuma huku rangi ya nje ikimeta. Wa kwetu mmoja ulikuwa umepakwa rangi ya samawati mpya kabisa. Rafiki yangu alisikia hivyo akaguna. Rangi mpya kwenye mtungi mkuukuu ni ya kutiliwa shaka, maana huficha makovu na hata hizo nambari.

Tulienda kwa muuza skrapu aliye na mizani ya kuning'iniza. Uzito uliogongwa begani ulikuwa kilo 15.2 kwa kila mmoja, na huo kwa kawaida ni uzito bila valvu. Tuliipima na valvu zake, kwa hivyo ilipaswa kuzidi. Wa 1974 ukasoma karibu 16. Ule wa samawati ukasoma 14 na nusu. Sawa, mizani ya skrapu si ya maabara, lakini kilo nzima haipotei hivi hivi. Hicho chuma kimeliwa.

Kisha kengele. Unaninginiza mtungi uliokwisha hewa na kuugonga taratibu kwa kipande cha mbao. Wa kwanza uliimba, sauti ikakaa hewani kidogo kama kengele ya shule. Wa samawati hatukuugonga, na sababu yake ndiyo jambo lililonifanya niandike makala hii.

Valvu ya ule wa kwanza ilifunguka, ikatoa pumzi kidogo, kisha kimya. Ya wa samawati ilizunguka lakini haikutoa chochote. Binamu akasema, "Huu hauna kitu," akaenda kuchukua spana kubwa. Rafiki yangu kwenye simu alipiga kelele hadi wateja wa kibanda cha chai wakageuka. Valvu ikifunguka bila kutoa hewa, haimaanishi mtungi ni mtupu. Magamba ya kutu yanaweza kuziba tundu la valvu, presha ikabaki ndani miaka yote ikisubiri mtu mwenye spana. Ukiilegeza hiyo valvu kwa nguvu, inaruka kama risasi, na kwa kawaida uso wako uko juu yake. Ukipasha mtungi moto ili ilegee, ni mbaya zaidi. Na fikiria ni yadi ngapi za skrapu hukata mitungi kwa gesi kila wiki bila kuuliza swali hilo. Mimi nimepita nyingi, hata Industrial Area, na sijawahi kuona mtu akiuliza.

Tuliulaza chini, polepole, kama mtoto aliyelala.

Tuseme mtungi umefaulu yote hayo. Bado hujamaliza, kwa sababu mtihani wenyewe ni wa maji. Fundi aliyehitimu huondoa valvu, humulika ndani kwa taa ndogo na kuangalia vishimo na nyuzi za shingo. Kisha mtungi hujazwa maji na kutumbukizwa kwenye pipa lililojaa maji pia, halafu presha hupandishwa hadi ile ya kupimia, kwetu sisi 300. Mtungi hutanuka kidogo sana, na pipa hupima umetanuka kiasi gani. Presha ikishushwa, chuma kizuri hurudi kama lastiki ya soksi mpya. Kilichochoka hubaki kimelegea. Kwa kanuni za Marekani, upanuzi unaobaki ukizidi asilimia 10 ya upanuzi wote, kwaheri.

Kwa nini maji na si hewa? Maji karibu hayabanwi. Mtungi ukipasuka ukiwa na maji, yanavuja tu na presha inakufa papo hapo. Ukipasuka na hewa, lita 2,400 zilizobanwa kwenye lita 12 zinataka kutoka zote kwa pamoja.

Sasa turudi kwenye ile mipango. Wa oksijeni ulikufa kwanza. Oksijeni safi ikikutana na mafuta au grisi kwenye presha kubwa inaweza kuwaka yenyewe, na mtungi wa miaka hiyo hujui kompresa gani iliwahi kuujaza. Jirani alinuna, lakini alielewa.

Wa kompresa ndio uliokuwa mgumu kumtoa binamu, kwa sababu una mantiki: kutoka baa 200 hadi baa 10, si ni kama kumpa mbeba mizigo mfuko wa sukari? Ingekuwa hivyo kama asingetoboa wala kuchomelea. Chuma hiki kilipata nguvu zake kwa kupashwa moto na kupozwa kiwandani kwa vipimo maalum. Ukikichomelea, sehemu ile inakuwa chuma kingine, na hujui kipi. Isitoshe, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka matangi ya hewa ya presha yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, hata ya kibanda. Najua, najua. Nani hukagua vibanda? Lakini anayeinama kando ya tangi hilo kutwa nzima ni yeye.

Kuhusu wapiga mbizi wa Diani, kuna kitu kingine hatukuwa tumekifikiria. Kutu hula oksijeni. Mtungi wenye unyevu ndani ukifungwa muda mrefu na hewa yake, hewa hiyo hubaki bila nguvu. Anayeipumua hahisi kukabwa wala kukohoa. Anazimika tu, na yuko chini ya maji. Binamu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huyo utingo ana mingine, na kama ameshaiuza kwa nani.

Wiki iliyopita ule wa 1974 ulipanda lori kurudi Mombasa, valvu imefungwa, umefungwa kamba usiviringike, kwa mtu anayejua pa kuupeleka ukapimwe. Gharama huenda ikapita bei aliyonunulia. Ukianguka mtihani, utatobolewa ili mtu mwingine asiutumie, na binamu atarudishiwa pesa ya chuma tu.

Wa samawati bado uko nyuma ya kibanda, umelazwa kivulini, valvu ikitazama rundo la mawe. Tunamtafuta mtu mwenye vifaa vya kuutoa presha. Muuza skrapu ameshapita mara mbili kuulizia bei.