Vikinga ugoko vya soka viache uwanjani

SHABIKI wa Sokoine, Mbeya au Samora, Iringa akiamua kujaribu mapigano mseto, yaani MMA, hubeba begi lake la mpira. Mkekani, vingi vilivyomo havifai.

Vikinga ugoko vya soka vina plastiki ngumu kwa sababu vinamlinda mvaaji dhidi ya njumu. Kwenye MMA teke unapiga wewe, na plastiki hiyo inaishia mbavuni mwa mwenzako. Chagua vya sponji nene, vinavyoshuka mpaka juu ya unyayo na havizunguki mguuni.

Mtego mkubwa upo kwenye glovu. Zile ndogo za wakia 4 unazoona akina Israel Adesanya wakivaa UFC ni za pambano. Mkifanya mazoezi ya kupigana, vaeni za ngumi, wakia 16. Ukizikuta kwenye mitumba ya Mwanjelwa, zibonyeze kwa dole gumba: ikibonyea kirahisi bila kurudi, sponji imekufa. Bei chee, hasara kubwa.

Kinga ya meno nunua mpya, iloweke kwenye maji ya moto, kisha ing'ate ishike umbo la meno yako. Wanaume wasisahau kikombe cha kinena.

Baridi ya Juni na Julai inadai trakisuti, sawa, lakini ni ya kupasha tu. Kwenye kukabana, zipu inachana ngozi na mfuko unanasa vidole. Baki na bukta isiyo na mifuko na fulana ya kubana, miguu peku.

Hela haitoshi? Anza na meno na glovu, mateke yasubiri. Ukimuumiza mwenzako leo, kesho utafanya mazoezi na nani?