Kasha Kuukuu la Fyuzi: Lini Linafaa Kuunganishia Nyaya, Lini Ling'olewe

Nyumba nyingi za Eastlands zilijengwa wakati stima ya nyumbani ilikuwa ya taa na soketi chache. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940. Buruburu na Umoja zilianza miaka ya 1970. Leo nyumba hizo zina friji, pasi, jiko la stima na hita ya kuogea, na nyingine zimeongezewa vyumba vya kupangisha au duka. Ndiyo sababu wakazi wengi wanabadilisha makasha ya zamani ya fyuzi na kuweka bodi mpya zenye sakiti breka.

Bodi mpya inapowekwa, huzuka swali: kasha kuukuu lifanyiwe nini? Nyaya zote zilizopita ukutani na juu ya dari zinaishia humo. Bodi ikisogezwa hata mita moja, nyaya hizo hazifiki, na kuzivuta zote upya ni kuchimbua plasta ya nyumba nzima. Kwa hiyo mafundi wengi hutoa fyuzi, huliacha kasha ukutani, na humo ndani huunganisha nyaya za zamani na nyaya mpya zinazoelekea kwenye bodi. Kuanzia hapo kasha hilo si kinga tena. Ni sanduku la kuunganishia nyaya tu.

Njia hiyo inakubalika ikifanywa ipasavyo. Ikifanywa ovyo, huficha hatari ambayo breka mpya haiwezi kuiona.

Breka haioni kiungio kilicholegea

Breka hukata stima mkondo unapozidi kiwango chake au nyaya zinapogusana. Kiungio kilicholegea hakizidishi mkondo. Kinazalisha joto mahali pamoja. Kwa mfano, hita ya kuogea ya wati 5,000 kwenye stima ya volti 240 huvuta karibu ampia 21. Breka ya ampia 32 haina sababu ya kukata. Lakini kiungio kibovu chenye ukinzani wa nusu ohmu tu kwenye laini hiyo hutoa joto la karibu wati 200, sawa na balbu mbili za zamani za wati 100 zilizofungiwa ndani ya kasha. Plastiki ya waya huyeyuka, na moto unaweza kuanza huku breka ikiwa bado imewashwa. Hata kifaa cha kukata stima inayovuja hakitagundua, kwa kuwa hakuna stima iliyovuja.

Nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu ndizo za kuogopwa zaidi. Joto huja na kuondoka kila siku, msokoto hulegea, na gundi ya tepu hukauka na kuachia.

Masharti ya kulitumia tena

Kasha linafaa kubaki ikiwa masharti haya yote yametimizwa:

- Ni la chuma au plastiki imara, halina kutu iliyolitoboa wala alama za kuungua. Kasha la mbao ling'olewe.
- Fyuzi, vishikio na swichi ya zamani vimetolewa. Baadhi ya vishikio vya zamani vina bitana ya asbesto. Visivunjwe wala kukwaruzwa.
- Kasha la chuma limeunganishwa na waya wa eathi kwa skrubu iliyokazwa. Bila eathi, waya ukiligusa, kifuniko chenyewe kinaweza kurusha mtu.
- Kila kiungio kiko ndani ya konekta inayolingana na unene wa waya. Tepu peke yake haitoshi.
- Matundu yasiyotumika yamezibwa, na pale waya unapopitia kwenye chuma pamewekwa mpira wa kuukinga usikatwe.
- Kifuniko kimefungwa kwa skrubu na kinafikika. Kasha lisifukiwe kwa plasta wala kufichwa nyuma ya kabati lisiloweza kusogezwa.
- Nje pameandikwa kuwa ndani mna viungio, na kila waya umewekewa alama. Nyaya za zamani mara nyingi ni nyekundu, nyeusi na kijani. Mpya ni kahawia, bluu, na kijani chenye manjano. Rangi hizo mbili zikikutana bila alama, fundi wa kesho anaweza kukosea.

Kuna hali ambapo hata kasha zuri haliokoi kazi. Waya wa zamani wenye ganda la mpira uliokauka na kupasuka usiunganishwe, ubadilishwe. Vivyo hivyo laini ya soketi isiyo na eathi. Nayo hita ya kuogea na jiko la stima vinastahili waya mpya unaotoka moja kwa moja kwenye bodi, bila kupitia kasha la zamani.

Nani afanye kazi hii

Kwa mujibu wa Sheria ya Kawi ya 2019, kazi ya kutandaza nyaya hufanywa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Mkazi ana haki ya kuomba kuiona leseni kabla ya kulipa. Aliyepanga nyumba ya kaunti apate kwanza idhini ya maandishi ya ofisi ya mtaa wake.

Mita na sili zake ni za Kenya Power. Waya unaoingia kutoka nje huwa na stima hata swichi kuu ikizimwa, hivyo kukata au kuhamisha upande huo ni kazi ya kampuni hiyo pekee.

Kabla kifuniko hakijafungwa, mkazi amwombe fundi amwonyeshe viungio, kisha apime nyaya kwa volti 500. Kila laini inatakiwa kusoma angalau megaohmu 1. Vipimo viandikwe na kukabidhiwa pamoja na cheti cha kazi.

Dalili za hatari

Kasha lenye joto likiguswa, harufu ya plastiki inayoungua, taa zinazofifia hita inapowashwa, au mlio wa kuchachatika ukutani ni dalili za kiungio kibovu. Swichi kuu izimwe na fundi aitwe. Isiwashwe tena kwa kuwa tu breka haijakata. Moto ukizuka, maji yasimwagwe kwenye kasha. Watu watoke nje, wapige 999 au 112, na Kenya Power waarifiwe kupitia 97771 ili wakate stima kutoka nje.