Seva Mbili, Mlango Mmoja: Majibu ya Maabara Yanapokwama Njiani

Mama mjamzito anayetoka Kalya au Buhingu, katika mwambao wa kusini wa Mkoa wa Kigoma, mara nyingi hufika mjini kwa boti. Safari huchukua saa nyingi juu ya maji, nauli si ndogo, na boti ya kurudi haimngoji mtu. Mgonjwa wa namna hiyo akiambiwa dirishani pa maabara, "Mtandao unasumbua, njoo kesho," gharama yake haiishii kwenye usumbufu. Atatafuta pa kulala, au atarudi kijijini bila majibu yaliyomtoa nyumbani.

Ajabu ni kwamba jambo hili laweza kutokea hata katika hospitali yenye kompyuta mbili kubwa za kutunza taarifa, yaani seva kuu na seva ya akiba, zilizowekwa kwa lengo la kuzuia hali hiyo hiyo. Seva ya akiba yaweza kuwa nzima, ina umeme na taarifa zote, lakini ikashindwa kupokea jibu hata moja. Kisa chake ni mlango.

Maana ya mlango

Watu wa Kigoma wanaifahamu thamani ya akiba. Kwa miaka mingi mji huo ulio mwisho wa Reli ya Kati ulipata umeme wa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa. Kompyuta zilipoingia katika huduma za afya, fikra ya kuwa na chombo cha pili ilikuja nazo.

Hata hivyo, mashine ya maabara, kama ile ya kupima picha kamili ya damu, kwa kawaida ni moja. Nyingi kati ya mashine hizo hutoa majibu kupitia waya unaopeleka alama moja baada ya nyingine, kama shanga katika uzi. Njia hiyo, ijulikanayo kama RS-232, iliwekewa kanuni mwaka 1960. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde hupitisha takribani herufi 960, kiasi kinachotosha kabisa kwa majibu ya damu. Kasoro yake ni kwamba waya huo una ncha mbili tu: upande mmoja mashine, upande wa pili msikilizaji mmoja.

Ili seva mbili ziweze kuufikia waya huo, huwekwa kisanduku kiitwacho seva ya milango. Nyaya za mashine huingia katika milango yake, nacho huunganishwa na mtandao wa hospitali. Seva yoyote yaweza kubisha hodi, lakini kwa kawaida mlango hufunguliwa kwa seva moja tu kwa wakati mmoja.

Sababu ni kwamba mashine haimwagi majibu ovyo, bali hufanya mazungumzo. Kwa kanuni zinazotumiwa na mashine nyingi, kwanza huuliza kama msikilizaji yupo. Msikilizaji hupewa sekunde 15 kuitikia, kisha hupokea kifungu kimoja kimoja na kuthibitisha kila kimoja. Wakiitikia wawili, mmoja atasema amepokea na mwingine atasema bado; au nusu ya majibu itaingia huku na nusu kule, pasiwepo kumbukumbu kamili popote. Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama.

Seva inapokufa bila kuaga

Seva mbili hupelekeana ishara fupi kila baada ya muda mfupi, ishara ambazo mafundi huziita mapigo ya moyo. Mapigo ya seva kuu yakikoma, seva ya akiba huchukua zamu na kwenda kubisha mlangoni. Hapo kisanduku chaweza kuijibu kwamba mlango una mtu.

Kisanduku hakisemi uongo. Seva kuu ilizimika ghafla bila kufunga mazungumzo yake, nacho bado kinaihesabu kuwa imo. Katika mifumo mingi ya kompyuta, ikiwa fundi hakubadilisha mpangilio, muunganisho ulio kimya huanza kukaguliwa baada ya saa 2, muda unaotokana na kanuni ya intaneti ya mwaka 1989. Mzazi anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa hizo.

Iko pia hatari ya upande wa pili. Mapigo yaweza kupotea kwa sababu waya kati ya seva mbili umekatika, ilhali seva kuu ingali hai. Kila moja itajiona ndiyo mwenye zamu, na zote zitaandika kumbukumbu zinazopingana. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba wa kwanza ameondoka kabla wa pili hajaingia: kisanduku kiamriwe kukata muunganisho wa zamani, au seva inayoshukiwa izimwe kabisa. Mifumo mingine huweka shahidi wa tatu, ili wawili wanaokubaliana waamue.

Njia zinapokutana

Mnamo tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Njia zilikuwa mbili, lakini zilipatwa pamoja. Hospitali nayo haina budi kujiuliza njia zake zinakutana wapi. Ikiwa seva mbili zinategemea kisanduku kimoja kilichochomekwa kwenye soketi isiyo na betri ya akiba, umeme ukikatika hapo seva zote mbili hazina kazi.

Wafanyakazi wa afya wafanye nini?

Kwanza, wakumbuke kwamba jibu lililokwama njiani kwa kawaida halijapotea. Mashine nyingi huyahifadhi majibu na kuyaonesha kwenye kioo chake. Mtaalamu wa maabara ayasome hapo, ayaandike katika rejista pamoja na jina na namba ya mgonjwa, na majibu ya hatari yapigiwe simu wodini mara moja.

Pili, wasizime na kuwasha kila kitu. Fundi wa TEHAMA aombwe kuuachia mlango uliokwama tu. Kuwasha upya seva zote mbili kwaweza kuongeza hasara.

Tatu, mfumo ukirudi, rejista ilinganishwe na kompyuta ili kubaini majibu yaliyokosekana na yaliyoingia mara mbili.

Nne, zoezi la kuhamia seva ya akiba lifanywe katika saa tulivu, mtaalamu wa maabara akiwepo, na dakika zilizotumika ziandikwe. Akiba isiyowahi kujaribiwa haitegemewi.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza. Akiambiwa mtandao unasumbua, aulize kwa upole kama jibu lake laweza kusomwa kwenye mashine, na aombe nakala ya karatasi, hasa kama anasafiri mbali.

Wauguzi wanalijua jambo hili tangu kabla ya kompyuta. Muuguzi wa zamu ya usiku haondoki mpaka wa asubuhi apokee taarifa za wagonjwa na ufunguo wa kabati la dawa. Akienda nao nyumbani, wodi haitasaidika hata wakija wauguzi watano. Kwa hiyo hospitali inaponunua seva ya pili, swali la kumuuliza fundi kabla ya kutia saini ni hili: ya kwanza ikizimika usiku, mlango utaachiwa na nani, na kwa dakika ngapi?